Civilization V: zamu ya 150, miji 8, sayansi 62 tu. Nakosea wapi?

Askari_wa_Aksum:
Wakuu, naomba ushauri. Ni mchezo wa kompyuta wa kujenga taifa, Civilization V, wenye nyongeza ya Brave New World, kasi ya kawaida, ramani ya kawaida, ngazi ya Mfalme, taifa Uhabeshi. Zamu ya 150: miji 8, wakazi 41 kwa jumla, furaha −6, sayansi 62 kwa zamu. Maktaba ziko miji 5, Chuo Kikuu kipo mji mkuu peke yake, Chuo cha Taifa bado. Majirani wawili wananizidi teknolojia 6. Niongeze miji au nijenge maajabu (yale majengo makubwa ya kipekee)?

FundiRamani:
Acha vyote viwili kwa sasa, mkuu. Sayansi ya mchezo huu inatoka kwa watu. Kila mkazi anatoa alama 1, na Maktaba inaongeza 1 kwa kila wakazi 2. Sasa tazama furaha yako: ikishuka chini ya sifuri, ukuaji wa miji unapungua kwa 75%. Miji yako imedumaa, ndiyo maana sayansi haipandi hata ukisubiri zamu 20.

Halafu kwenye ramani ya ukubwa huo, kila mji baada ya wa kwanza unapandisha bei ya teknolojia zote kwa 5%. Kwa miji 8 unalipa 35% zaidi. Mji wa wakazi 3 usio na Maktaba hauilipi hasara hiyo, na furaha unaila kama kawaida: 3 kwa mji wenyewe, 1 kwa kila mkazi.

Tiba ya haraka ni bidhaa za anasa, kwa kuwa kila aina mpya inaleta furaha 4. Ukiwa na pembe za ndovu mara mbili, nakala ya pili haikuongezei kitu. Ibadilishe moja kwa moja na hariri au chumvi ya jirani.

Mama_Kete:
Naongezea hapo. Chuo cha Taifa kinatoa sayansi 3 pamoja na 50% ya mji kilipo, lakini hakianzi mpaka kila mji uwe na Maktaba. Gharama yake nayo inapanda kadiri miji inavyoongezeka. Ndiyo sababu wengi hukijenga wakiwa na miji 3 au 4, kabla ya zamu ya 100, ndipo wanapanuka. Kikishasimama, mji mpya usio na Maktaba haukiondoi.

Kwako wewe: nunua kwa dhahabu Maktaba ya mji dhaifu kuliko yote, mbili zilizobaki zijengwe. Zikikamilika tu, mji mkuu ujenge Chuo cha Taifa, usiguse kitu kingine.

FundiRamani:
Sawa kabisa. Baada ya hapo Vyuo Vikuu, nyundo (alama za uzalishaji) 160 kila kimoja, kuanzia mji wenye watu wengi. Faida ni sayansi ya mji kupanda 33%, ila watu wengi wanasahau zile nafasi 2 za wanasayansi. Fungua skrini ya mji uwapange kwa mkono, maana msimamizi wa kompyuta mara nyingi anawapeleka mashambani. Hao ndio wanaokuletea Mwanasayansi Mkuu. Wa kwanza mfanyie Akademia karibu na mji mkuu: alama 8 za sayansi kila zamu mpaka mwisho wa mchezo.

Na tafadhali usikate misitu minene ya mvua. Chuo Kikuu kikiwepo, kila kigae chake kinachofanyiwa kazi kinatoa sayansi 2.

Simba_Mweupe:
Mimi ningemvamia jirani dhaifu. Uhabeshi ina 20% ya ziada vitani.

Mama_Kete:
Hiyo ni dhidi ya taifa lenye miji mingi kuliko yako, ndugu. Yeye ana 8, sidhani majirani wamemzidi. Na miji ya kuteka itaizamisha furaha zaidi.

Askari_wa_Aksum:
Nimewaelewa. Tatizo jingine ni dhahabu: hazina 30, kila zamu napoteza 4. Misafara yote minne inapeleka chakula mji mkuu.

FundiRamani:
Basi Maktaba ya kununua isubiri, na hili litangulie. Hazina ikifika sifuri, upungufu unakatwa kwenye sayansi. Una zamu 7 hivi. Vunja vikosi vya zamani visivyolinda mpaka, kisha safari za misafara zikiisha, miwili ielekeze kwa hao majirani waliokuzidi. Itarudi na dhahabu, na kwa kuwa wanajua usiyoyajua, sayansi kidogo pia. Mmoja akikubali tamko la urafiki, wekeni mkataba wa utafiti wa zamu 30. Vita vikizuka katikati, pesa imepotea.

Askari_wa_Aksum:
Sera za Urazini (tawi la sera za kukuza sayansi) nizifungue mara nikiingia Enzi ya Mwamko?

Mama_Kete:
Ndiyo, ila ile 10% ya sayansi unayopata kwa kulifungua tawi haifanyi kazi furaha ikiwa hasi. Ifikishe sifuri kwanza. Sera ya kuchukua baada ya hapo ni Usekula, inayompa kila mtaalamu sayansi 2, wakiwemo wale wanasayansi wa Vyuo Vikuu.