Naomba ushauri: namna ya kumuuliza mgonjwa wa saratani kuhusu mitishamba

Wakuu, salaam. Naandaa fomu ya maswali kwa wagonjwa wanaoanza tibakemikali (dawa za kuua seli za saratani).

Swali la "unatumia dawa za kienyeji?" halisaidii. Mgonjwa hujibu hapana, ama kwa kuogopa kufokewa, ama kwa sababu unga wa mlonge kwake ni chakula. Nataka nitaje vitu kwa majina, kisha niulize kiasi kwa siku, tangu lini, na chupa au pakiti ije kliniki.

Kiasi ndicho kinachonisumbua. Manjano ya kwenye mchuzi sina shida nayo. Vidonge vya manjano vyenye pilipili manga ni jambo jingine: kwa anayemeza tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, vinaweza kushusha endoksifeni, ambayo mwili huitengeneza kutokana na dawa hiyo na ndiyo inayofanya kazi hasa. Shubiri ikimharisha anayepewa sisplatini, dawa ya tibakemikali inayoweza kuumiza figo, maji na potasiamu hupotea na figo huzidi kuelemewa. Vidonge vya kitunguu saumu vinaweza kuongeza kutokwa damu, hatari zaidi chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zikiwa chini au upasuaji ukikaribia. Tangawizi kidogo kwa kichefuchefu naiacha, ila pamoja na ondansetroni, dawa ya kuzuia kutapika, si badala yake.

Sasa, mnauliza mbele ya ndugu au faragha? Mchanganyiko wa mganga usio na lebo mnausitisha kabisa, au siku za dripu tu? Mimi naelekea kusitisha kabisa, maana hatujui kilichomo. Na mgonjwa akikataa kuacha, mnarudia vipimo vya ini na figo kila mzunguko wa tibakemikali, au mara nyingi zaidi?