Kompyuta iliyochoka: tuanze na prosesa au kadi ya grafiki?

Assalaam alaykum. Mwenzetu aliyefungua mjadala huu ameandika kwamba mwenye kompyuta nzito asipoteze fedha kwenye prosesa (kipande kikuu kinachofanya hesabu za kompyuta), bali anunue kadi ya grafiki (inayokokotoa picha za skrini) tu na mambo yatakaa sawa. Naiheshimu hoja yake, lakini siikubali, hasa kwa kompyuta ambazo wengi wetu hapa Unguja na Pemba tunazimudu.

Tuanze na mashine yenyewe. Nyingi za bei nafuu zinazouzwa Darajani na Mlandege ni za mezani zilizokwisha kutumika maofisini. Chukua Dell OptiPlex 7050: yenye kasha kubwa ina pawa saplai (kifaa kinachoigawia mashine umeme) ya wati 240 tu, na yenye kasha dogo ina ya wati 180. Tundu la kadi kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) hutoa wati 75, ilhali kadi ya Nvidia RTX 3060 peke yake hutaka wati 170, kwa hiyo anayeinunua hujikuta ananunua na pawa saplai nyengine, ambayo plagi zake huenda zisiingie kwenye mazabodi ile bila ya waya wa kuunganishia. Inayokubali kirahisi ni kadi ya daraja la GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada, na kwa kasha dogo lazima iwe ile ya kimo kifupi (low profile).

Pili ni kazi. Kadi ya grafiki hung'ara pale kazi inapogawika vipande maelfu vinavyokokotolewa kwa pamoja, kama gemu, picha za 3D katika Blender au kupanga rangi za video katika DaVinci Resolve. Mhasibu wa duka anayesubiri jedwali la Excel limalize hesabu hapunguziwi chochote na kadi, na mchoraji wa ramani za nyumba katika AutoCAD hutegemea zaidi kasi ya kiini (core) kimoja kati ya vile vinavyofanya hesabu ndani ya prosesa.

Wanaohariri video za harusi ndio ninaowahurumia zaidi, maana wao huambiwa kila siku kwamba dawa yao ni kadi. Kamera nyingi za sasa zinaweza kurekodi H.265 (njia ya kubana video) ya biti 10 kwa mfumo wa 4:2:2, unaohifadhi rangi kwa undani zaidi, na kadi za Nvidia zilizotangulia RTX 50 za mwaka 2025 haziwezi kuifungua video hiyo. Mzigo wote huirudia prosesa, picha hukatakata, na kadi iliyonunuliwa kwa fedha nyingi hukaa bila ya kazi. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11, zenye grafiki ya ndani, huifungua vizuri. Zile ambazo jina lao linaishia na herufi F hazina grafiki hiyo, basi mnunuzi aangalie sana.

Kwa wacheza gemu nakubaliana na mwenzetu kwa kiasi. Kwenye skrini ya piseli 3840 kwa 2160 mzigo mkubwa huwa kwenye kadi, lakini kwenye 1920 kwa 1080, kadi yenye nguvu ikifungwa pamoja na prosesa ya Intel i5-6500, mara nyingi kadi ndiyo itakayomsubiri prosesa. Mwenye i5-6500 anaweza kupanda hadi i7-7700 kwenye mazabodi inayokubali vizazi vyote viwili, cha 6 na cha 7, akatoka nyuzi (threads, kazi ambazo prosesa huzishika kwa pamoja) 4 kwenda 8. Kizazi cha 8 asikiguse, kwani kinaingia kwenye soketi (tundu la prosesa) ile lakini mashine haiwaki. (Na ambaye bado anatumia hard disk ya kuzunguka, aweke SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) kwanza.)

Ombi langu kwa wanaopinga: fungueni Task Manager (programu ya Windows inayoonesha mzigo wa kompyuta) wakati kazi nzito inaendelea, mtuandikie prosesa, kadi, programu na asilimia mnazoziona. Msiishie kwenye asilimia ya jumla ya prosesa, kwa sababu kwenye prosesa ya viini 4 visivyogawika nyuzi, kiini kimoja kinaweza kuwa kimejaa kabisa na jumla ikasoma 25 tu.