Ukikanyaga mafuta gari inajishauri kwanza: throto bodi, sensa au giaboksi?

Mwendo_wa_Kobe
Wakuu habari zenu. Gari ni petroli 1.8, haina tabo, giaboksi CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), eksileta ya umeme isiyo na kebo, kilomita 140,000. Nikikanyaga mafuta niingie barabarani inakaa karibu sekunde nzima ndipo ivute. Ikishachanganya iko sawa, ila mlimani ni nzito. Taa ya injini haiwaki. Plagi na filta ya hewa ni mpya. Fundi mmoja anasema throto bodi (mlango wa hewa ya injini) imekufa, mwingine anasema nifunge kile kidude cha kubusti eksileta. Nianze na lipi?

Spana_Kumi
Usinunue hata kimoja. Kile kidude kinaidanganya kompyuta tu: umekanyaga asilimia 20, chenyewe kinaripoti 40. Nguvu ya injini ni ileile na ugonjwa unabaki palepale.

Kwenye gari isiyo na kebo mguu wako hauvuti kitu, unaomba. Pedali ina sensa mbili zinazopeleka volti kwenye kompyuta. Kompyuta inaamua, mota ya throto inafungua kisahani, kisha sensa nyingine mbili zinarudisha taarifa kwamba kimefika. Zimewekwa mbilimbili ili zikaguane. Zikipishana taa huwaka, kodi ya hitilafu P2138 kwa pedali au P2135 kwa throto, na gari hujifunga nguvu. Yako haijawaka, kwa hiyo huyo wa throto bodi amekimbilia kuhukumu.

Tafuta skana inayosoma data mubashara. Weka grafu tatu pamoja: pedali, throto iliyoamriwa, throto halisi. Nenda sehemu isiyo na magari, mwenzako ashike skana, kanyaga kwa mkupuo. Pedali ikipanda na amri ikachelewa, kompyuta inazuia makusudi: angalia kitufe cha ECO na swichi ya taa za breki, maana kompyuta ikiona breki na mafuta kwa wakati mmoja, nyingi hupunguza mafuta. Amri ikipanda na kisahani kikachelewa, hapo ndipo throto ina kesi. Zote zikipanda sawia na injini ikalala, tafuta kwenye njia ya hewa, ya mafuta au ya moshi. RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ikipanda na spidi isipande, nenda kwenye CVT.

Niletee pia trimu za mafuta za muda mrefu (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza) kwenye silensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa), RPM 2,500 na mlimani, na gramu za sensa ya kupima hewa inayoingia (MAF) pedali ikiwa imekanyagwa hadi chini.

Kitambaa_Cheupe
Nakubali, ila throto chafu usiidharau. Masizi hujikusanya kwenye ukingo wa kisahani na kipimo cha kufungua kidogo kinaharibika. Kuisafisha: toa terminali hasi ya betri, vua hosi, pulizia dawa ya throto kwenye kitambaa (si ndani moja kwa moja), futa ukingo na ukuta pande zote mbili. Usisukume kisahani kwa nguvu, ndani kuna gia za plastiki. Usikwangue ile rangi nyeusi laini ukingoni, mara nyingi ni mipako ya kiwandani. Ukimaliza, kompyuta lazima ijifunze upya silensa; utaratibu unatofautiana kwa kila mtengenezaji, ukiruka hatua hiyo silensa itapanda au gari itazimika kwenye foleni.

Mwendo_wa_Kobe
Nimepima. Grafu tatu zinapanda pamoja, hakuna pengo. RPM na spidi nazo zinaenda sambamba. Trimu: silensa +3, RPM 2,500 +11, mlimani +17. Pedali chini kabisa RPM 4,000: gramu 51 kwa sekunde. Nipo usawa wa bahari.

Spana_Kumi
Basi throto na CVT tumeziachia huru.

Piga hesabu. Injini ya lita 1.8 hunyonya lita 0.9 kila mzunguko. RPM 4,000 ni lita 3,600 kwa dakika, sawa na 60 kwa sekunde. Lita moja ya hewa ya nyuzi 25 usawa wa bahari ina takriban gramu 1.18, kwa hiyo ni gramu 71 kama silinda zingejaa kabisa. Hazijai, injini yenye afya hapo hujaa asilimia 85 hadi 90, yaani gramu 60 hadi 64. Wewe una 51. Sasa zidisha 51 kwa 1.17, ile trimu yako ya mlimani: karibu 60. Hewa inaingia, sensa ndiyo inaihesabu pungufu.

Ingekuwa gramu 51 na trimu karibu na sifuri, ningesema injini kweli haipumui, tupime kataliza ya kwenye njia ya moshi kama imeziba. Ingekuwa gramu 62 na trimu +17, ningekupeleka kwenye pampu ya mafuta na nozeli. Kuchelewa kunatokea kwa sababu kompyuta hurekebisha kwa kusoma sensa ya oksijeni, baada ya moshi kutoka. Mkupuo wa kwanza unachomwa na mafuta machache.

Zima gari ipoe, chomoa soketi ya MAF, toa skrubu zake mbili. Tumia dawa maalumu ya MAF tu, pulizia mara 10 hadi 15 kwenye waya mwembamba ndani ya kitundu. Usiguse kwa pamba wala kidole, usipige upepo wa kompresa. Iache ikauke walau dakika 15.

Kitambaa_Cheupe
Kabla ya kurudisha, kunja kwa mkono ile hosi yenye mikunjo kati ya MAF na throto. Ufa wa kawaida huonekana kwenye trimu ya silensa kuliko kwingine, na yako ni +3 tu, lakini upo ufa wa chini ya mkunjo unaofunguka pale tu injini inapojivuta ikiwa na mzigo. Kagua pia kama filta hiyo mpya imekaa vizuri na klipu zote za boksi zimefunga. Vumbi likipita pembeni, MAF itachafuka tena. Na kama filta ni ya kupakwa oili, itoe.

Spana_Kumi
Sahihi. Kisha futa trimu kwa skana, endesha siku mbili tatu, pima mlima uleule. Ikishuka chini ya +8 umemaliza. Ikirudi +17 na hosi ni nzima, sensa imechoka, badilisha. Za bandia nyingi husoma ovyo tangu siku ya kwanza, kwa hiyo rudia kipimo cha gramu hata baada ya kufunga mpya.