Sindano ya kupunguza mwili ukiwa na baridi yabisi na unatumia methotreksati: kuna aliyepitia?

MamaTausi
Habari za jioni ndugu zangu. Nina miaka 46, mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar. Baridi yabisi ninayo tangu 2018, ile ya kinga ya mwili kugeuka na kushambulia viungo, siyo kusagika kwa magoti. Nameza methotreksati, dawa ya kuituliza kinga hiyo, mg 15 kila Jumamosi usiku, vitamini ya foliki Jumapili, prednisoloni (steroidi) mg 5 kila asubuhi, na diklofenaki maumivu yakizidi. Siku hizi yanazidi karibu kila siku.

Kilichonileta ni uzito. Nilianza dawa nikiwa na kilo 66, leo nina 92, na urefu wangu ni sentimita 158. Hii prednisoloni inaniamsha saa nane usiku na njaa, najikuta jikoni nafunua sufuria. Darasa langu liko ghorofani, ngazi 22, nimezihesabu kwa sababu kila moja naisikia gotini. Asubuhi chaki haishikiki, nampa mtoto aandike tarehe ubaoni, mimi nasubiri mpaka saa tatu vidole vilegee.

Mwezi uliopita wifi yangu kaniletea kalamu ya Ozempic, hiyo sindano ya kupunguza mwili, kutoka Dubai. Nilimlipa karibu nusu ya mshahara. Bado sijaichoma, naogopa. Inagombana na methotreksati? Na je, nikipungua, ugonjwa nao utatulia, au nitakuwa mwembamba mwenye vidole vilevile? Kliniki tarehe yangu ni mwezi ujao, na mara ya mwisho nilipogusia uzito niliambiwa nipunguze wali tu. Niliumia. Wali niliupunguza zamani.

BiSharifa_Mvita
Pole sana dadangu. Hilo la wali nami niliambiwa, na najua linavyochoma.

Mimi mzaliwa wa Mombasa, niko Birmingham mwaka wa 19 sasa. Ugonjwa ninao miaka 11, methotreksati najichoma mg 20 kila Ijumaa, na Mounjaro, sindano nyingine ya kupunguza mwili, natumia tangu mwaka jana. Nilikuwa kilo 101, sasa 83. Wala sijutii. Lakini kuna kosa nililofanya ambalo sitaki ulirudie.

Nilipopandishwa kutoka mg 2.5 kwenda mg 5, nilitapika siku mbili mfululizo. Hata maji hayakukaa. Ijumaa ikafika, nikajichoma methotreksati kama kawaida, kwa kuogopa viungo visije vikafura. Kichwa kilikuwa kinagonga, nikaongeza na ibuprofeni. Kufika Jumatatu ulimi umeota vidonda, nikiweka uji mdomoni ni kama nimetafuna pilipili. Damu ilipopimwa, figo zilikuwa zimelemewa na chembe nyeupe za damu zimeshuka. Nililazwa siku 5.

Daktari alinieleza hivi: methotreksati hutoka mwilini kupitia figo. Ukikauka maji, figo hupunguza kazi, dawa inabaki kwenye damu na kuendelea kuua chembe. Dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki nazo huzibana figo zilezile. Kwa hiyo sindano na methotreksati zenyewe hazikugombana. Ni kutapika kulikozikutanisha vibaya, na kile kidonge cha maumivu kikamalizia. Siku hizi nina sheria moja: nikitapika au kuharisha mpaka maji hayakai, simu kwa kliniki kwanza, methotreksati baadaye.

Na kama bado unapata siku zako, soma hapa vizuri. Mounjaro inaweza kudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango. Karatasi yake ya maelezo inataka uongeze kinga nyingine, kama kondomu, kwa wiki 4 ukianza na wiki 4 kila dozi inapopanda. Sasa methotreksati huharibu mimba, na mwanamke anatakiwa aiache miezi 6 kabla ya kushika mimba. Mimi nilikuwa na miaka 41 na hakuna aliyeniambia, niliyakuta mwenyewe kwenye karatasi usiku. Nilitetemeka.

Kuhusu vidole: havikubadilika. Magoti na nyayo ndizo zilizopumua. Asubuhi bado naloweka mikono kwenye maji ya moto.

Mfamasia_Moro
Shikamoo mwalimu. Bi Sharifa kaeleza vizuri, naongeza machache.

Ozempic ni semaglutidi, ilipitishwa Marekani 2017 kwa kisukari cha aina ya pili. Dawa hiyohiyo kwa ajili ya uzito inaitwa Wegovy, ya 2021. Unaanza mg 0.25 mara moja kwa wiki, wiki 4, ndipo upande. Usiruke ngazi hata kama huoni mabadiliko, mg 0.25 kazi yake ni kulizoesha tumbo. Ukiwahi kuugua kongosho, au katika ukoo wenu kuna saratani ya tezi ya shingo, mwambie daktari kabla ya kuchoma hata tone.

Kuhusu ugonjwa kutulia: 2024 ulichapishwa utafiti wa watu 407 wenye uzito mkubwa na magoti yaliyosagika. Waliochomwa semaglutidi walipungua karibu asilimia 14 ya uzito na maumivu ya goti yakashuka kuliko wale waliochomwa sindano isiyo na dawa. Ila hao ni wa kusagika. Ugonjwa wako ni mwingine, kwa hiyo usije ukapungua kilo 10 ukadhani methotreksati imemaliza kazi. Ukiiacha, viungo vinaendelea kuliwa kimyakimya.

Prednisoloni nayo usiikate ghafla kwa hasira ya njaa. Mwili ulioizoea kwa miaka hushindwa kutengeneza homoni yake yenyewe ya aina hiyo. Inashushwa polepole, na daktari.

Sasa swali langu: hiyo kalamu imekaa wapi mwezi mzima? Na iko na boksi na karatasi yake?

MamaTausi
Marahaba mwanangu. Boksi lipo, karatasi haipo. Nimeiweka friji, kile chumba cha juu karibu na barafu, nikidhani ndiyo salama zaidi kwa joto hili la Dar. Umeme ulikatika mara mbili.

Mfamasia_Moro
Mwalimu, naomba usiitumie. Kabla ya kufunguliwa inatakiwa nyuzi 2 mpaka 8, sehemu ya kawaida ya friji. Ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka na kuonekana safi. Ukishaianza ndiyo inaweza kukaa nje ya friji, chini ya nyuzi 30, mpaka siku 56, na Dar mwezi wa pili mezani ni zaidi ya 30. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu Ozempic bandia zilizokamatwa Brazil, Uingereza na Marekani. Sisemi ya wifi yako ni bandia, nasema hakuna njia ya wewe kujua. Najua ni hela nyingi. Inaniuma kukuandikia hivi.

Kijana_wa_Iringa
Mama yangu mzazi anao huu ugonjwa, alipungua kilo 14 kwa hizi sindano. Tulifurahi sana mpaka siku aliposhindwa kuinuka kwenye stuli ya jikoni. Nyama za mapaja zilikuwa zimeondoka pamoja na mafuta, na baridi yabisi yenyewe ilishazila kabla. Alikuwa anakula ndizi moja kutwa kwa sababu hasikii njaa. Sasa ni yai asubuhi, maharage au dagaa mchana hata kama hana hamu, na mtaalamu wa viungo kamwambia asimame na kukaa kwenye kiti mara 10, asubuhi na jioni. Miezi mitatu imepita, anainuka bila kushika meza.

MamaTausi
Asanteni, narudi na habari. Kalamu nimeitupa. Nililia kidogo, wifi pia.

Sikungoja mwezi ujao, nilienda kliniki na kumsomea daktari maneno yenu kwenye simu. Alinisikiliza safari hii. Amepima figo, ini, sukari na damu nzima. Figo ziko sawa, ila diklofenaki ya kila siku ameisimamisha, na akasema kama maumivu ni ya kila siku basi ugonjwa haujadhibitiwa, kwa hiyo methotreksati inapanda mg 20 kwanza. Damu tunarudia baada ya wiki 4. Ikitulia, ndipo tuanze kushusha prednisoloni, na sindano ya uzito iandikwe kwa cheti, nichukue famasia yenye friji. Itakuwa Jumatano, mbali na Jumamosi ya methotreksati, ili nikichefuka nijue ni ipi.

Muuguzi alinipa kalamu ya mfano nijaribu. Kile kitufe cha kuzungusha dozi kilinishinda saa mbili asubuhi, kidole gumba kiliteleza mara tatu. Tausi amesema atanizungushia yeye, mimi nibonyeze na kuhesabu mpaka sita. Nimemwambia tutafanya jioni, vidole vikiwa vimelegea.