Tupeane uzoefu: baiskeli ya mazoezi nyumbani, nani bado anaikanyaga na nani ameigeuza kamba ya nguo?

Kitambi Kazini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari zenu. Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miezi saba iliyopita nilinunua baiskeli ya mazoezi, hii ya kawaida ya kukaa wima. Wiki ya kwanza niliikanyaga kila siku. Ya pili mara tatu. Ya tatu goti la kulia likaanza kuuma kwa mbele, pale kwenye pia, hasa nikishuka ngazi. Leo asubuhi nimeitazama vizuri: mashati manne, taulo na suruali ya kazini, vyote viko kwenye usukani. Mwenzangu anasema tuiuze, chumba kipumue.

Kabla sijaitangaza, tupeane uzoefu. Mlio nayo zaidi ya mwaka, mlichagua aina gani, na kitu gani kiliwaudhi? Walioshindwa nao karibuni, humu hachekwi mtu. Labda kidogo.

Nyonga Legevu

Mkuu, hilo goti kabla hujalipeleka popote, kakague kiti. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kimeshushwa mno. Linakunjika kupita kiasi kila mzunguko, na ukienda mizunguko 80 kwa dakika kwa nusu saa, hiyo ni mara 2,400 kwa kila mguu. Likiuma kwa nyuma, mara nyingi ni kinyume chake, kiti kimepanda mno.

Nami nilikosea vilevile. Nilikiweka kiti mahali ambapo nikikaa nyayo zote mbili zinagusa sakafu, kwa kuwa nilijihisi salama. Huo ni urefu wa kochi. Nilivyokuja kufundishwa ni hivi: vaa viatu utakavyofanyia mazoezi, kaa, weka kisigino juu ya pedali, izungushe mpaka ifike chini kabisa. Hapo mguu unyooke bila kulalia upande mmoja. Kisha rudisha unyayo mahali pake, ile sehemu pana nyuma ya vidole ikae katikati ya pedali. Utaona goti limebaki limekunjika kidogo. Umefika. Mwambie mtu asimame nyuma yako atazame kiuno unavyokanyaga. Kikiyumba kushoto na kulia, shusha tundu moja.

Kiti kusogea mbele na nyuma, wengi hawalijali kabisa. Pedali zikiwa usawa mmoja, goti la mguu wa mbele liwe takriban juu ya ekseli ya pedali. Kuna baiskeli ambazo kiti chake kinapanda na kushuka tu, hakisogei, na kwa mtu mrefu au mfupi kuliko wengi hiyo ni adhabu. Nikinunua tena, hilo nitauliza la kwanza, pamoja na uzito wa juu ambao mashine inabeba. Skrini nitauliza mwisho.

Ukishapata kipimo, chora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye nguzo ya kiti. Kwetu tunaikanyaga watatu, kuna mistari mitatu ya rangi tatu, na bado kuna anayelalamika.

Koti la Mvua

Mashati manne tu? Yangu ina koti la mvua, begi la mtoto na mwavuli. Mjue tu mashine hizi si za juzi: Titanic ilipozama mwaka 1912 ilikuwa nazo kwenye chumba chake cha mazoezi. Nakaa hapa mbele nisome.

Spana Mkononi

Naleta la ufundi. Nikiitwa kwa mtu kwamba "baiskeli mpya inagonga", cha kwanza naangalia pedali ya kushoto. Pedali hiyo uzi wake umegeuzwa (nasema uzi wa skrubu, si uzi huu wetu): inakazwa kwa kuzungusha kinyume cha mshale wa saa. Mtu anafungua boksi, haoni herufi L na R zilizogongwa kwenye ekseli, anachukua ya kulia anaisukumiza kushoto kwa spana. Inaingia nusu, imepinda. Ekseli ya pedali ni chuma kigumu, kwa hiyo kinacholiwa ni tundu la ule mkono inamofungwa. Anaikanyaga wiki mbili, siku ya siku pedali inachomoka mguu ukiwa juu yake.

Anza kwa vidole. Ikiingia laini mizunguko mitatu minne, ndipo ushike spana. Isipoingia kwa vidole, hiyo siyo upande wake. Na kushoto ni kushoto kwa aliyekaa kitini, si kwa wewe uliyesimama mbele ya mashine na karatasi ya maelekezo mkononi. Baada ya siku chache za kukanyaga, kaza tena. Pedali ikilegea nawe ukaendelea nayo, unamtafutia fundi kazi.

La mwisho ni jasho. Lina chumvi, linakula chuma. Nimefungua mashine ambayo boliti za usukani zilikuwa kutu tupu, na mwenyewe anaapa haijawahi kulowa maji. Kweli haikulowa maji. Futa kila ukimaliza, hasa chini ya usukani, ambako matone yanatiririkia huku huoni.

Mapacha Wamelala

Shida yangu ilikuwa kelele. Nafasi yangu ni usiku, watoto wakishalala. Ya kwanza nilipewa na shemeji, ya breki ya pedi: kipande cha sufi nzito kinabana gurudumu. Kikikauka kinalia kama bawaba isiyo na mafuta, na kinachakaa, vumbi lake linabaki kwenye zulia. Sasa nina ya sumaku. Sumaku inasogezwa karibu na gurudumu bila kuligusa, kwa hiyo hakuna kinachosuguana pale. Ninachosikia ni pumzi yangu. Zile za feni, ambazo uzito wake (yaani ugumu wa kukanyaga) ni upepo, kadiri unavyokazana ndivyo zinavyovuma. Kama kuna mtu anaishi chini yako, mfikirie, na mkeka mzito wa mpira uweke hata kwa hii ya sumaku.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni hiki. Ile ya shemeji ilikuwa na gurudumu zito lililofungwa moja kwa moja na pedali. Si kama baiskeli ya barabarani, ambayo ukiacha kukanyaga miguu inapumzika. Hapa ukiacha, gurudumu linaendelea, pedali zinaendelea, na miguu yako inakwenda nazo utake usitake. Usiku mmoja pacha mmoja akalia, nikachomoa mguu haraka nishuke, pedali ikazunguka ikanipata kwenye muundi. Alama ninayo mpaka leo. Kumbe kile kirungu cha kuongezea uzito ukikibonyeza chini ni breki! Unabonyeza, gurudumu linasimama, ndipo unashuka. Maelekezo niliyasoma nikiwa nimekaa na barafu mguuni.

Wenye watoto: vidole vidogo vinapenda kinachozunguka. Nikimaliza nakaza uzito mpaka mwisho ili gurudumu lisizunguke kwa kasi, na chumba nafunga.

Bibi Polepole

Wanangu, hamjambo. Mimi nina miaka 66 na magoti yaliyochoka. Aliyekuwa ananifanyisha mazoezi ya viungo ndiye aliyeniambia nisihangaike na ya kukaa wima, nitafute ile yenye kiti chenye egemeo na pedali zilizo mbele. Sipandi juu, nakaa tu. Hapo katikati hakuna chuma cha kuruka, napitisha mguu kama naingia kitandani. Mgongo umeegemea, mikono iko kando.

Nilianza dakika tano, bila uzito kabisa, asubuhi na jioni. Mjukuu wangu alinicheka kwamba nazungusha hewa. Baada ya miezi miwili zikawa kumi na tano. Mpaka leo uzito niko namba tatu na sina haraka ya nne. Kosa lenu vijana ni kukaza uzito siku ya kwanza muone jasho. Uzito mkubwa na mwendo wa kujikokota ndio unaoumiza goti. Punguza uzito, zungusha kwa wepesi.

Na mwenye moyo, presha, au anayebanwa kifua akitembea, aanze kwa daktari, baiskeli baadaye.

Spana Mkononi

Shikamoo bibi. Siku pedali ikilegea usiikaze mwenyewe, niite.

Bibi Polepole

Marahaba mwanangu. Ya kushoto ni kinyume cha mshale wa saa, nimesoma.

Nimeiuza Sijuti

Mmetuita tulioshindwa, nimekuja. Goti langu lilikuwa salama, kilichonishinda ni makalio. Dakika ya ishirini nilikuwa nafa ganzi sehemu ambazo sitazitaja. Nikanunua kifuniko kinene cha jeli, ikawa mbaya zaidi: nilididimia, sehemu laini zikabanwa badala ya mifupa ya makalio kubeba mwili. Baadaye niliambiwa pua ya kiti ilikuwa imeinuka, kiti kilitakiwa kuwa bapa, na ninyanyuke kila dakika kumi damu ipite. Huenda kweli. Mimi nilishauza. Natembea kwa miguu asubuhi, naona watu, nafurahi. Kuna watu hawakuumbiwa kutazama ukuta, tusilazimishane.

Nyonga Legevu

Hapo kwenye ukuta una hoja. Mimi bila mpira wa miguu kwenye simu nisingemaliza hata dakika kumi. Mechi ikiwa mbovu, mazoezi nayo yanakuwa mabovu.

Hesabu za Skrini

Mwaka mzima nilikuwa mtumwa wa namba za kalori. Skrini inasema 400, najiongezea sahani. Siku moja mdogo wangu, ambaye ni nusu yangu kwa kilo, akaikanyaga muda uleule, mwendo uleule, uzito uleule wa pedali. Ikamwandikia 400. Ndipo nikatambua mashine haijawahi kuniuliza uzito wangu! Inazidisha tu mizunguko kwa hesabu yake. Zipo zinazouliza, na bado ni makadirio.

Sasa skrini nimeibandikia karatasi, nimeacha saa tu. Kipimo changu ni mdomo: nikiweza kuongea lakini siwezi kuimba, huo ni mwendo wa kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za mwendo huo kwa wiki. Nusu saa mara tano, umefika kwenye 150. Siku nisiyoweza nusu saa nakanyaga kumi, nazihesabu.

Kitambi Kazini (mwanzisha uzi)

Nimerudi baada ya siku tisa. Kiti kilikuwa tundu la nne. Kwa kipimo cha kisigino kimeishia la saba! Matundu matatu mazima. Siku ya kwanza nilijiona niko juu ya mti. Uzito nimeushusha mpaka namba mbili, kwa heshima ya bibi. Nimekanyaga mara tano, dakika kumi na tano. Goti lilinong'ona siku ya kwanza, halijasema tena, ingawa kwenye ngazi bado nalisikiliza.

Pedali ya kushoto niliigusa kwa spana, ikakubali robo mzunguko. Spana, nakushukuru.

Mashati na taulo vimehama. Suruali bado imening'inia usukanini kwa sababu misumari ya ukutani imekwisha, kwa hiyo naiweka kitandani nikipanda na kuirudisha nikishuka. Tangazo sijaliweka. Mwenzangu ameuliza mstari wake tutauchora kwa rangi gani.