Mpira bila watu uwanjani: nani alizunguka viwanja vidogo wakati wa korona?

Lava_ya_Keshero (Goma)

Wandugu, habari za jioni. Niko hapa Keshero, na tangu Jumapili tuko kwenye ubishi usioisha. Jirani yangu, mzee ninayemheshimu sana, anasema korona ilituthibitishia kwamba mpira hauhitaji watu uwanjani. Ligi kubwa zilichezwa mbele ya viti vitupu, televisheni zikaonyesha, bingwa akapatikana, basi. Mimi nakataa kabisa, lakini sina cha kumjibu zaidi ya kupandisha sauti.

Mwaka 2020 nilikuwa hapa hapa. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi, wiki iliyofuata mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 ikakatazwa, tarehe 24 ikaja hali ya dharura. Kunawa mikono kwa maji ya klorini hakukutusumbua, tulishazoea tangu Ebola ilipoingia Goma Julai 2019. Kilichotuumiza ni mpira. Linafoot, ligi yetu ya taifa, ilisimama na TP Mazembe wa Lubumbashi wakapewa ubingwa mechi zikiwa bado zimebaki. Uwanja wetu, Stade de l'Unité, kimya. Mpaka nao ukafungwa kwa watu, kwa hiyo hata ile njia yetu ya kuvuka Gisenyi, upande wa Rwanda, kwenda kuangalia mechi uwanja wa Umuganda ikafa. Waliobaki ni watoto wa mtaa, wanacheza juu ya mawe meusi ya volkano, magoti yamechubuka, na sisi wakubwa tunawaangalia tukiwa tumeegemea ukuta.

Naomba kujua: nani hapa alifuata ekipe ndogo, yaani timu ndogo, wakati ule, iwe kwetu au ng'ambo? Mliingiaje? Mlikuta nini? Najua kuna yaya mmoja, yaani mkubwa wetu, wa Bukavu aliyekuwa Uingereza miaka ile. Yaya, ukipita hapa usininyime.

Kamalondo_Damu (Lubumbashi)

Kaka, mimi nakaa karibu kabisa na Stade TP Mazembe. Mwanzo wa 2021, mechi za Afrika zilipochezwa bila watu, tulikaa nje ya ukuta na redio. Uwanja unabeba watu 18,500, na ukiwa mtupu unasikia kocha anaita mchezaji kwa jina, unasikia hata mguu ukigonga mpira. Goli likiingia, sisi wa nje ndio tunapiga kelele, wale wa ndani hawasikii vizuri. Mwambie mzee wako kwamba watu hawakuacha kwenda. Walisimamishwa mlangoni, na bado walikuja.

Kwa viwanja vidogo namwachia huyo yaya.

Mtoto_wa_Kadutu (Bukavu)

Mdogo wangu, nimekuona. Nitaandika kirefu kwa sababu jambo hili liko moyoni.

Nilikuwa Manchester kwa masomo. Nimekulia Kadutu, kwenye kelele za ekipe zetu, Muungano na Bukavu Dawa, na nilipofika kule nilitafuta mahali pa kusimama na kupiga kelele kama nyumbani. Old Trafford, uwanja wa Manchester United, ni bei ya watu wengine. Mwenzangu wa darasani akanipeleka Moston, kaskazini ya mji, kwa FC United of Manchester. Ekipe hiyo ilianzishwa mwaka 2005 na mashabiki wa Manchester United waliokataa ununuzi wa familia ya Glazer. Ni mali ya wanachama, kila mwanachama kura moja, na uwanja wao, Broadhurst Park, ulifunguliwa 2015. Wakati ule walikuwa daraja la saba. Wachezaji wengi wa huko wana kazi zao wiki nzima, jioni ndiyo mazoezi.

Halafu korona. Tarehe 26 Machi 2020, FA, shirikisho la mpira la kule, ikatangaza kwamba msimu wa madaraja hayo, kuanzia la saba kushuka, umefutwa. Matokeo yote yakaondolewa kana kwamba hakuna aliyecheza. Jersey Bulls, ekipe ya kisiwani, walikuwa wameshinda mechi zao zote 27 za ligi. Zote 27 zikafutwa. Nakumbuka nilisoma habari ile nikiwa chumbani peke yangu na nikalia kwa ajili ya watu nisiowajua.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo jibu la mzee wako lilipo. Agosti serikali iliruhusu watu warudi uwanjani, lakini kwa ekipe ndogo tu. Kuanzia tarehe 22 Agosti daraja la saba na yaliyo chini yake yangeweza kupokea watu, mwanzo asilimia 15 ya idadi ya chini ambayo uwanja wa daraja hilo unatakiwa kubeba, baadaye asilimia 30. Premier League hapana. Championship, daraja la pili, hapana. Na National League, yaani daraja la tano na la sita, nayo hapana, kwa sababu iliwekwa upande mmoja na mpira wa juu. Kwa hiyo vuli ile, katika nchi iliyotupa mpira huu, mtu aliyetaka kuona goli kwa macho yake alilazimika kwenda kwenye uwanja ambao jana hakujua jina lake.

Na watu walikwenda! Mimi nilipanda mabasi na treni, barakoa usoni maana kwenye usafiri ilikuwa lazima tangu Juni. Getini kuna meza, mama mmoja mwenye glavu, unaandika jina na namba ya simu, unapaka dawa mikononi, unalipa. Chini kwenye zege wamechora alama za rangi kuonyesha kila mtu asimame wapi. Na kwenye alama hizo unaona shali za ekipe tofauti kabisa: huyu wa Bolton, yule wa City, mwingine wa Leeds. Wote viwanja vyao vimefungwa. Walisimama kimya kidogo mwanzoni, kama wageni kwenye harusi ya watu. Dakika ya ishirini hivi mshambuliaji akakosa goli la wazi, na ile "aaah" ikatoka kwa wote pamoja. Mzee mmoja karibu yangu alivua miwani akafuta macho. Alikuwa hajaisikia sauti hiyo tangu Machi.

Uwanja nilioupenda kuliko yote ni wa ekipe ndogo inayoitwa Marine, pale Crosby, karibu na Liverpool. Nilikwenda Septemba. Upande mmoja wa uwanja hakuna nafasi ya watu kabisa. Kuna ukuta, kuna nyavu ndefu, na nyuma yake bustani za nyumba za watu, nguo zimeanikwa. Mpira ukapita juu ya nyavu. Tukasubiri. Kichwa cha mtoto kikatokea juu ya uzio, mpira ukarudi, watu wakampigia makofi na yeye akainua mikono miwili kama aliyefunga.

Tarehe 5 Novemba nchi ikafungwa tena. Na unajua nani alikuja kucheza pale Januari iliyofuata? Tottenham ya Premier League, na José Mourinho, kocha wao wa wakati ule, Kombe la FA, raundi ya tatu, tarehe 10 Januari 2021. Kati ya ekipe hizo mbili palikuwa na nafasi 161 kwenye ngazi za mpira wa Uingereza. Kombe lile halijawahi kukutanisha walioachana hivyo. Hakuna shabiki aliyeruhusiwa kuingia. Majirani waliangalia wakiwa kwenye bustani zao. Marine walifungwa 5-0. Lakini kabla ya mechi waliuza tiketi za kuunga mkono, paundi 10 moja, tiketi isiyokuingiza popote. Ziliuzwa zaidi ya 30,000. Watu walilipia mlango uliofungwa ili ekipe ibaki hai. Mpe mzee wako namba hiyo.

Kisha mpe na hii. Wale wa daraja la tano na la sita waliolazimishwa kucheza bila watu walipewa paundi milioni 10 za bahati nasibu ya taifa ziwavushe miezi mitatu ya mwisho ya 2020. Fedha hizo zilipokwisha wakaambiwa wakope. Ekipe inayoishi kwa tiketi za Jumamosi italipaje mkopo, na getini haingii mtu? Februari 2021 daraja la sita, North na South, likasimamishwa na msimu wao ukafutwa. Premier League iliweza kucheza mbele ya viti vitupu kwa sababu televisheni ililipa. Aliyekuwa hana televisheni alisimama. Hilo si maoni yangu, ndivyo ilivyokwenda.

Lava_ya_Keshero (Goma)

Yaya, Mungu akubariki. Nimemsomea mzee sehemu ya tiketi 30,000. Akanyamaza, kisha akaniuliza kama wale watu walirudishiwa fedha zao. Nikamwambia hawakuzitaka.

Swali: kwetu je? Kuna aliyekuwa Bukavu?

Papa_wa_Bagira (Bukavu)

Mimi nilikuwepo, na nawaomba tusiongee kana kwamba huku hakuna kilichotokea.

Hali ya dharura iliisha Julai 2020 na mpira wa mitaa ukarudi wenyewe, pole pole, kabla ya ule wa ligi. Hapa mji wote ni vilima. Kiwanja kikiwa bondeni, jukwaa ni mlima mzima: watu wanakaa kwenye ngazi za nyumba, kwenye majani, wengine juu ya mapaa, na umbali wa mita moja mnaupata bila mtu kuchora chochote chini. Desemba, ilipotangazwa amri ya kutotoka nje kuanzia saa tatu usiku, mpira wetu haukuguswa. Viwanja vyetu havina taa. Tunaanza saa tisa na nusu, giza linatukuta tumeshapanda nyumbani.

Nilichokiona mimi na ambacho sitakisahau ni mwishoni mwa Mei 2021. Nyiragongo ililipuka tarehe 22, na siku chache baadaye watu wa Goma wakaambiwa waondoke. Mashua zilifika hapa zimejaa. Siku iliyofuata vijana wa kwenu, Lava, walikuwa tayari pembeni ya kiwanja chetu, wamevaa kandambili, wanaomba kuingia. Mabeki wetu wawili walivua viatu wakawapa. Korona ilikuwa bado ipo, barakoa zilikuwa zinaning'inia kwenye masikio ya watu. Hakuna aliyewafukuza. Mama wa maandazi aliacha biashara yake akaja kusimama kwenye mstari kuwashangilia, kwa majina ya mitaa yao: "Ndosho! Majengo! Birere!" kwa sababu majina yao hakuyajua.

Kaka, ulikuwa kwenye mashua hizo?

Lava_ya_Keshero (Goma)

Mimi nilikimbilia Sake kwa miguu. Mdogo wangu ndiye aliyekuja huko. Ngoja nimuulize kama alicheza. Anavaa namba 44 ya kiatu, anatafutiwa kiatu kila mahali.

Yaya, jambo la mwisho. Mlango kule ni kiasi gani, na fedha inakwenda wapi? Ekipe yetu ya mtaa inataka kuanza kutoza kidogo na watu wanalalamika.

Mtoto_wa_Kadutu (Bukavu)

Pale Moston mtu mzima alilipa kama paundi 10, watoto kidogo sana. Malalamiko hayakuwa makubwa kwa sababu kila mwaka wanachama wanakaa kwenye mkutano na hesabu zinawekwa mbele yao: mlango umeingiza hiki, taa na maji zimekula hiki, waamuzi wamelipwa hiki. Mtu anainuka na kuuliza, na anajibiwa.

Mwanze hivyo hivyo. Tozeni franki kidogo, kila mtu aweze. Chagueni watu wawili wa kushika fedha, msimwachie mmoja, na mmoja wao awe mama, ikiwezekana mwenye biashara anayejua kuhesabu mbele za watu. Baada ya mechi, kabla watu hawajatawanyika, msome kwa sauti: leo zimeingia ngapi, mpira mpya bei gani, refa amepewa kiasi gani, zimebaki ngapi. Muandike kwenye daftari na daftari liwe wazi. Kama mzee jirani yako anajua kuandika vizuri, mpe yeye daftari.

Papa_wa_Bagira (Bukavu)

Na muweke bei tofauti kwa wanafunzi. Sisi tulisahau hilo mwanzoni na tukapoteza nusu ya kelele.

Lava, niulizie huyo mdogo wako. Namba 44 naikumbuka, ilitusumbua kweli siku ile.