Taa ya kufunga kwenye bastola: lumeni 500 au 1,000?

BabaTatu

Habari wakuu. Nina Glock 19, namiliki kihalali. Usiku inalala kwenye sefu, mchana naibeba kiunoni ndani ya suruali. Nataka kuifungia taa na nimebaki kuchagua kati ya mbili za kampuni ya Streamlight: TLR-7A ya lumeni 500, fupi, haitokezi sana mbele ya mtutu, na TLR-1 HL ya lumeni 1,000, kubwa zaidi, inakula betri mbili za CR123A badala ya moja.

Kuna jambo limenikosesha usingizi. Juzi niliazima taa nikaifunga, magazini nimetoa, chemba nimeikagua mara mbili. Nikazima taa zote za nyumba nikawa natembea kwenye korido kuujaribu mwanga. Stoo kitu kikaanguka, nikageuka nikamulika. Kifuniko cha ndoo. Lakini lile duara la mwanga lilikuwa limetua kwenye ukuta wa mbao, na nyuma ya ukuta ule, kimo kilekile, kuna kitanda cha binti yangu. Niliganda pale. Bastola ilikuwa tupu, ila mkono ulifanya vilevile ambavyo ungefanya ikiwa imejaa.

Kwa hiyo naomba msaada: nichukue ipi, na ninyi mnaitumiaje bila kumwelekezea mtu wa nyumbani mdomo wa silaha?

KamandaJioni

Chukua ya 1,000 mkuu. Mtu akipigwa mwanga mkali machoni gizani haoni tena mbele. Mimi sijawahi kutamani taa yenye mwanga mdogo zaidi.

MwalimuWaShabaha

BabaTatu, pole, na umefanya vyema kulisema. Nafundisha watu kulenga usiku, na hilo la kugeuka na kumulika naliona karibu kila darasa jipya. Nianze nalo, taa itafuata.

Taa ya bastola ni ya kumtambua mtu ambaye tayari una sababu ya kumnyooshea silaha. Basi. Kutafuta kilichoanguka stoo ni kazi ya tochi ya mkononi. Kabla hujanunua hiyo taa, nunua tochi nzuri, iweke juu ya sefu, ili mkono uiguse kwanza kabla ya kugusa bastola. Fanya hivyo kila siku hadi uzoee.

Hata bastola ikiwa mkononi, huna haja ya kumwelekezea mtu mtutu ndipo umwone. Elekeza mdomo sakafuni, hatua mbili mbele yako, kisha washa. Mwanga unaodunda kutoka chini unatosha kukuonyesha sura na mikono ya aliyesimama mlangoni. Vigae vyeupe hurudisha mwanga mwingi, saruji iliyochakaa hurudisha kidogo, kwa hiyo jaribu nyumbani kwako. (Kama unakaa ghorofani kumbuka sakafu yako ni dari ya jirani. Hapo chagua pembe yenye ukuta mzito.)

Sasa lumeni. Lumeni ni jumla ya mwanga wote unaotoka. Kinachofika mbali ni kandela, yaani ukali wa mwanga pale katikati. Tazama taa za kampuni ya SureFire: X300 Turbo ina lumeni 650 na kandela 66,000, wakati X300 Ultra ina lumeni 1,000 na kandela 11,300. Yenye lumeni chache ndiyo inayofika mbali zaidi. Kwa hizo zako, TLR-7A ina kandela 5,000 na TLR-1 HL ina 20,000. Chukua kandela, gawanya kwa umbali wa mita mara umbali huohuo, unapata laksi, yaani kipimo cha mwanga unaotua kwenye kitu. Ndogo kwa mita 5 inatoa laksi 200, kubwa inatoa 200 hizohizo kwa mita 10. Pima nyumba yako kwa futikamba, usibahatishe. Ile kubwa ukiiwasha mita 3 kutoka ukuta mweupe, zinatua laksi zaidi ya 2,000, na jicho lililozoea giza linaumia. Kamanda yuko sahihi kuhusu anayemulikwa. Korido nyembamba inakupiga na wewe.

Ila kitu ambacho mimi ningekitazama kabla ya namba zote ni swichi. TLR-7A unaibonyeza kwenda mbele, TLR-1 HL unaisukuma juu au chini. Shika bastola tupu kama unavyoishika siku zote, halafu uwashe kwa dole gumba la mkono unaosaidia. Ikikubidi kulegeza mshiko, hiyo taa haikufai. Na kidole cha shahada kisihusike na swichi hata siku moja, kinakaa kimenyooka ubavuni mwa bastola. Mtu akizoea kubonyeza kitu kwa kidole hicho akiwa na hofu, siku moja atabonyeza triga.

DadaWaZamu

Nakazia ya swichi. Mikono yangu ni midogo, na taa ya kwanza niliyonunua dole gumba lilikuwa linaifikia kwa ncha tu. Niliiuza.

BabaTatu hujataja ala, yaani mfuko wa kubebea bastola. Unabeba kiunoni, kwa hiyo ala ndiyo itakuamulia. Ala za plastiki ngumu za bastola yenye taa hufinyangwa kufuata taa yenyewe, ukibadili taa umebadili ala. Na taa ikiwa pana kuliko bastola, mdomo wa ala nao unakuwa mpana, unabaki uwazi karibu na triga. Ingiza kalamu pale uone inafika wapi. Kalamu ikigusa triga, pindo la shati nalo litaigusa.

Ukishaifunga, kapige risasi nayo ikiwa imefungwa, kwa magazini unazobeba. Baadaye itazame lenzi, utaikuta imeshika masizi. Futa, la sivyo hizo laksi za mwalimu zinabaki kwenye karatasi. Betri zikiwa mbili, badilisha zote kwa pamoja, usichanganye mpya na kuukuu.

BabaTatu

Asanteni sana. Nimepima: kutoka mlango wa chumba chetu hadi mlango wa mbele ni mita 7. TLR-7A kwa umbali huo inatoa laksi 102, na nimeijaribu ile ya kuazima kwa kuilenga sakafuni, nikamwona mke wangu uso na mikono akiwa chumba kingine kabisa, nikiwa nimeshika taa peke yake bila bastola. Nachukua ndogo. Ala ya zamani nimeitia kalamu, imepita hadi kwenye triga, kwa hiyo nayo inatoka.

Kitanda cha binti tumekihamishia upande wa ukuta wa matofali. Tochi iko juu ya sefu.